Leseni ya Texas imekataa kuhuishwa: mtafute aliyeifunga

Mtu anaweka miadi DPS, idara ya jimbo inayotoa leseni za udereva, anasubiri wiki kadhaa, siku ikifika anaomba ruhusa kazini na kukaa saa mbili kwenye kiti cha plastiki akisikiliza namba zinavyoitwa. Anafika dirishani. Karani anabofya mara mbili tatu, anatikisa kichwa, anayasukuma makaratasi yarudi yalikotoka. "Kuna mahakama imekuzuia." Mahakama gani? Karani anaandika jina la kampuni kwenye kipande cha karatasi na kuita namba inayofuata.

Nimewasindikiza watu wa aina hiyo hapa Houston, Wakongo, Warundi, Wakenya, Watanzania wenzangu, na kosa lao kubwa huwa lilelile: wanarudi DPS. Wanarudi na pesa, wanarudi na barua ya mwajiri, wanarudi na mtoto wa darasa la sita awatafsirie. DPS haina ufunguo. Inasoma orodha tu. Aliyekufunga ni mahakama fulani, pengine ya mji mdogo uliopita siku moja tu ukienda harusini Dallas, na hakuna mwingine anayeweza kukufungua. Kwa hiyo kila hatua hapa chini inatafuta mambo mawili: nani amefunga, na anataka nini ili afungue.

Zuio linatoka wapi

Tiketi anayokuandikia polisi barabarani ni wito wa mahakama. Ina jina la mahakama, tarehe ya mwisho ya kufika au kujibu, na mahali fulani kwa herufi ndogo kuna onyo kwamba usipofika, au usipolipa kama ulivyoamriwa, unaweza kunyimwa kuhuisha leseni. Ile sahihi unayoweka haina maana kwamba umekiri kosa, umeahidi kufika. Wengi wetu huiona sahihi ile kama kukiri mbele ya polisi, tunasononeka, tunaifungia karatasi kwenye droo na kuomba Mungu isahaulike.

Haisahauliki. Tarehe ikipita, mahakama iliyo na mkataba na DPS inapeleka taarifa yako kwenye orodha inayotunzwa kwa niaba ya jimbo na OmniBase, kampuni iliyoko Austin. Utaratibu huu umo kwenye sura ya 706 ya sheria ya usafiri ya Texas, na upo tangu 1995. Mahakama zisizo na mkataba hazipeleki majina, ndiyo maana jirani yako mwenye tiketi tatu anahuisha leseni kwa simu akiwa amelala na wewe mwenye moja umekwama.

Shika jambo hili kabla hatujaendelea: kwa zuio la OmniBase, leseni haijasimamishwa. Imezuiwa isihuishwe. Mpaka tarehe iliyochapishwa usoni pake ipite, bado inakuruhusu kuendesha, kama hakuna tatizo lingine. Siku inayofuata mambo yanageuka, na hapo nitapafikia.

Dalili: umekataliwa na hujui kwa nini

Fungua kurasa mbili. Ya kwanza ni ya DPS, inaitwa License Eligibility; utaweka namba ya leseni, tarehe ya kuzaliwa na tarakimu nne za mwisho za namba yako ya Social Security. Ya pili ni ya OmniBase, texasfailuretoappear.com, hapo wanataka namba ya leseni na tarehe ya kuzaliwa. Zote ni bure kutazama. Anayekudai ada ili akutazamie anakula jasho lako.

Soma majibu ya kurasa zote mbili pamoja, maana kila moja peke yake inaweza kukupoteza.

Kama OmniBase inaonyesha kosa na jina la mahakama, umempata aliyefunga. Andika jina la mahakama, simu yake na namba ya kesi. Telemka usome mpaka chini: kesi zinaweza kuwa nne kutoka mahakama mbili, na watu huiona ya juu tu.

Kama OmniBase ni safi lakini DPS wanasema leseni imesimamishwa, hiyo ni hadithi nyingine: bima, ulevi, ajali, au jimbo jingine limekulalamikia. Ukurasa wa DPS utakuambia unatakiwa kutimiza nini. Mahakama ya tiketi haiwezi kukusaidia hapo.

Kama kurasa zote mbili hazina neno na bado dirishani umekataliwa, angalia makaratasi ya uhamiaji. Asiye raia lazima hadhi yake ithibitishwe kwenye mtandao wa serikali kuu, na jibu huweza kuchelewa. Wenye viza za kazi, masomo na nyingine za muda hupewa leseni ya muda mfupi inayofuata karatasi zao, kwa hiyo wao huhuisha mara nyingi na zuio la mahakama huwanasa mapema. Mwenye leseni ya miaka 8 anaweza kukaa na tiketi iliyooza miaka 6 bila kujua.

Na kama leseni haina shida ila kaunti imekataa kukupa stika ya usajili wa gari, hilo si zuio la OmniBase. Kuna orodha nyingine, ya Scofflaw, inayozuia usajili wa gari kwa ajili ya faini hizohizo. Unaweza kuwa kwenye zote mbili. Ukienda mahakamani uliza zote mbili kwa safari moja.

Dalili: "Sikupata barua hata moja"

Ninaamini karibu kila anayeniambia hivi. Mama mmoja niliyemsaidia alihama mara tatu ndani ya miaka miwili, kutoka nyumba ya kwanza aliyopangishiwa na shirika la wakimbizi hadi kwa dada yake, kisha kwenye fleti yake mwenyewe. Tiketi ilikuwa na anwani ya kwanza. Barua za mahakama zilikwenda huko, na kwenye lile kabati la masanduku ya posta sanduku lake lilikuwa limeshapewa familia nyingine.

Anwani yako iko sehemu mbili zisizozungumza: DPS na mahakama. Sheria inakupa siku 30 kuijulisha DPS umehama, lakini kuijulisha DPS hakubadilishi chochote kwenye jalada la kesi. Mahakama hutumia anwani iliyoandikwa kwenye tiketi mpaka wewe mwenyewe uwaandikie. Ukipiga simu, maliza kwa kumwomba karani akusomee anwani waliyo nayo, neno kwa neno, na namba ya fleti. Namba ya fleti ndiyo hukosekana.

Kutopata barua hakufuti kesi, kwa sababu tarehe ilikuwa kwenye tiketi yenyewe. Hata hivyo ukiieleza vizuri, na mkataba wa nyumba ukiwa mkononi kuonyesha lini ulihama, hakimu anapata sababu ya kukusikiliza upya badala ya kukuona umekimbia.

Dalili: umelipa, lakini bado umezuiwa

Hapa pana mambo mengi, na hapa ndipo watu hukata tamaa.

Kwanza kuna ada ya dola 10. Kila kesi iliyopelekwa OmniBase ina ada yake, mbali na faini. Zamani ilikuwa 30. Tangu Januari 2020 ni 10. Polisi akikusimamisha mara moja na kukuandikia mwendo kasi, bima na mkanda, hizo ni kesi tatu na ada tatu. Hili limenikuta mimi. Nililipa faini ya mwendo kasi ya mji mmoja mdogo kwa mtandao, nikapata risiti, nikashangilia. Wiki mbili baadaye zuio lilikuwa palepale. Nikapiga simu, karani akanipekua, akasema kwa upole kabisa: bado unadaiwa dola kumi. Ukurasa wa malipo haukuwa umeihesabu. Nikalipa kwa kadi simuni na siku nne baadaye orodha ikawa safi. Dola kumi zilinifanya nibebwe kwenda kazini siku kumi na nane.

Pili, kutofika ni kosa lenyewe. Mahakama inaweza kukufungulia shtaka jipya la kutofika, lenye namba yake na faini yake, juu ya lile la awali. Unalipa la mwendo kasi, la kutofika linabaki. Swali la kumuuliza karani ni hili: "Nina kesi ngapi kwenu, za wazi na zilizohukumiwa, kwa jina langu na tarehe yangu ya kuzaliwa?" Usiulize "nadaiwa kiasi gani". Ukiuliza hivyo atajibu kuhusu kesi iliyo mbele yake.

Tatu, huenda ulimlipa mkusanya madeni. Faini iliyochelewa zaidi ya siku 60 huweza kupelekwa kwa kampuni ya kukusanya madeni, na hapo huongezwa asilimia 30. Pesa hupita kwao kwanza ndipo zifike mahakamani, na zuio haliondoki mpaka mahakama yenyewe itoe taarifa. Ukiweza, zungumza na mahakama moja kwa moja.

Nne, safari ya taarifa. Mahakama inaijulisha OmniBase, OmniBase inaijulisha DPS. Sheria inaitaka mahakama ifanye hivyo mara moja, lakini wapo wanadamu katikati, na Jumatatu ya sikukuu, na karani aliye likizo. Ipe siku chache za kazi. Ikipita wiki, rudi na risiti, uliza kama taarifa ya kuondoa zuio imetumwa na siku gani, na omba wakuandikie karatasi kwamba kesi imefungwa.

Jambo moja watu hulijua wakiwa wameshachelewa: kulipa kunahesabika kama kutopinga shtaka, na unahukumiwa kuwa na hatia. Kama ulikuwa na bima halali siku ile na hukuwa na karatasi yake tu, usilipe. Peleka uthibitisho wa bima ya tarehe hiyo. Kesi ya aina hiyo hufutwa. Nimeona mtu akilipa mamia ya dola kwa kosa ambalo karatasi moja kutoka kwa wakala wake ingelimaliza.

Dalili: unajua unachodaiwa, huna cha kulipa

Soma vizuri sura ile ya 706 na utaona zuio haliondolewi na malipo kamili peke yake. Linaondolewa pia kesi ikifutwa, ukishinda, ukiweka dhamana ili kesi ianze upya, au ukifanya mpango wa malipo ambao hakimu ameukubali. Hilo la mwisho ndilo la kuomba. Si kila hakimu anaondoa zuio siku ya awamu ya kwanza, wapo wanaosubiri uonyeshe miezi kadhaa, kwa hiyo uliza hapohapo: "Nikianza kulipa leo, zuio linaondoka lini?"

Karani hana mamlaka ya kupunguza faini. Hakimu anayo. Kwa hiyo dirishani usianze kubembeleza. Sema unaomba kusikilizwa na hakimu kuhusu uwezo wako wa kulipa. Sema hivyo hata kama foleni nyuma yako inapumua. Ukipata nafasi, nenda na vitu vya kushikika: hati za mishahara ya miezi miwili, mkataba wa nyumba, barua ya SNAP (msaada wa chakula) au Medicaid (bima ya afya ya wenye kipato kidogo), vyeti vya watoto. Nilimwona baba mmoja wa watoto saba akieleza umaskini wake kwa dakika tano nzima bila hakimu kuinua macho. Alipoweka mezani barua ya SNAP yenye majina ya watoto wote, hakimu alichukua kalamu.

Anachoweza kukupa ni awamu, au kazi za kijamii, au kupunguza, au kusamehe sehemu au yote. Kwa kazi za kijamii kila saa 8 hufuta angalau dola 100. Tangu 2017 sheria imepanua kinachokubalika: mafunzo ya kazi na masomo ya kutafuta cheti cha GED, kinachosimama badala ya cheti cha sekondari, yamo, na kujitolea kanisani au kwenye shirika kunaweza kukubaliwa. Usianze kabla hakimu hajaandika wapi na saa ngapi. Na ile ada ya dola 10 haidaiwi mtu ambaye mahakama imemwona hana uwezo. Anayepokea msaada kama SNAP au Medicaid anachukuliwa hivyo tangu mwanzo.

Wazee wetu wa Houston wapaswa kujua kwamba jambo hili lilishapiganiwa katika mji huuhuu. Preston Tate alikuwa na faini za barabarani za dola 425 na hana pesa. Alipelekwa shamba la wafungwa la mji azifanyie kazi kwa dola 5 kwa siku, siku 85. Mwaka 1971 Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema mtu hawezi kufungwa kwa faini kwa sababu tu ni maskini. Lakini lazima ufike useme huwezi. Asiyefika anaonekana amekataa.

Dalili: unaogopa kwenda kwa sababu kuna waranti

Hofu hii ina msingi. Mahali penye kutofika mara nyingi pana hati ya kukamatwa, na kila mwaka mahakama na polisi wa miji mingi ya Texas hufanya msako wa pamoja, kwa kawaida karibu na Machi, wakianza kwa kutuma barua. Ukikamatwa barabarani Ijumaa usiku, unaweza kulala ndani.

Tofauti iko kwenye nani amefika kwa nani. Sheria ya Texas inamtaka hakimu wa mahakama hizi aifute waranti ya kutofika kama mshtakiwa amekuja mwenyewe, kabla ya kukamatwa, na anafanya juhudi ya kweli kumaliza kesi. Nimeingia na watu wenye waranti tatu na tukatoka kwa mlango uleule tulioingilia. Nenda asubuhi, siku ya kazi, ukiwa na karatasi zako, na umwambie karani umekuja kwa hiari kumaliza kesi zako. Kama kufika ni taabu kubwa, labda ni mgonjwa au umehamia Amarillo, omba kwa simu au barua usikilizwe kwa simu au video. Hakimu ana ruhusa ya kukubali.

Kuna watu ambao sitawasindikiza bila wakili. Mwenye kesi ya jinai mahali pengine, au ulevi, au shauri la uhamiaji lililo wazi, aonane na wakili kwanza. Tiketi ya mwendo kasi na kesi ya jinai vinaweza kuwa kwenye kompyuta moja. Kwa wanaojiandaa kuomba uraia, tunza karatasi ya jinsi kila kesi ilivyoisha, hata ya dola 50. Fomu inauliza, na mahakama ndogo zikishatupa majalada ya zamani utahangaika kuthibitisha.

Kuhusu lugha: mshtakiwa asiyeelewa Kiingereza ana haki ya mkalimani. Omba kabla ya siku, na sema Kiswahili kwa jina lake. Mahakama moja ilituletea kwa simu mkalimani wa Kisomali kwa sababu mtu alijiandikisha "African". Kama unaelewa vizuri zaidi Kiswahili cha Kongo, sema hivyo pia. Mtoto asifanye kazi hiyo. Anakutetea, anapunguza maneno, na akikosea unayehukumiwa ni wewe.

Dalili: kosa lenyewe si lako

Watu wengi waliopita kambi za wakimbizi walipewa tarehe ya kuzaliwa ya Januari 1. Weka pamoja jina linalofanana, mwaka mmoja na Januari 1, na utapata waranti ya mtu wa Nyarugusu ikimwangukia mtu wa Kakuma. Wengine waliandikiwa tiketi kabla hawajawa na leseni, polisi akanakili jina la ukoo mahali pa jina la kwanza. Na wapo ambao, niseme tu ukweli, mdogo mtu alisimamishwa bila leseni akataja jina la kaka.

Usilipe ili yaishe. Ukilipa umekubali kuwa ni wewe. Omba nakala ya tiketi. Linganisha sahihi, namba ya gari, urefu na anwani, na tafuta ushahidi wa ulikokuwa: kadi ya kupiga saa ya kazini ina nguvu kuliko mashahidi watano. Kana shtaka, mweleze mwendesha mashtaka. Taarifa ikionekana ilipelekwa kimakosa, hata ile ada ya dola 10 haidaiwi.

Dalili: DPS wanataja jimbo jingine

Hili ni la madereva wa malori hasa, na madereva wa malori hawana muda. Ulikula tiketi Oklahoma, ukaendelea na safari. Texas na majimbo mengi yamo kwenye mapatano ya kuripotiana madereva wasiojibu tiketi. California, Michigan na Wisconsin ni baadhi ya yasiyomo. Oklahoma wakikuripoti, Texas inaisimamisha leseni. Huko ni kusimamishwa kweli, na kuendesha siku hiyohiyo ni kosa hata kama tarehe ya leseni haijafika.

Ufunguo uko kwa mahakama ya kule. Wamalize kesi, watoe karatasi ya kuthibitisha umetimiza, DPS ipokee. Wenye CDL, leseni ya kuendesha magari makubwa ya biashara, waelewe pia kwamba kozi ya udereva salama inayofuta tiketi za wengine haiwahusu, hata kama tiketi waliipata na gari dogo la nyumbani. Sheria ya serikali kuu inakataza kuficha kosa la mwenye CDL. Kwenu ninyi wakili wa tiketi si anasa.

Dalili: muda wa leseni umeshakwisha ukiwa bado unashughulikia

Hapa usitafute mbinu. Kuendesha baada ya kunyimwa kuhuisha na leseni imekwisha ni kosa la kuendesha na leseni batili, faini hadi dola 500. Ukirudia baada ya kuhukumiwa, linapanda daraja: hadi dola 2,000 na hadi siku 180 jela. Mtu aliyeanza na tiketi ya mkanda anafikia hapo kwa miezi michache, na nimeona ikitokea, kwa sababu zamu ya kiwandani inaanza saa kumi alfajiri na basi halijaanza. Panga lifti na mtu wa zamu yako kabla tarehe haijafika. Mpe pesa ya mafuta kila wiki bila kuombwa.

Pia hesabu miaka 2. Leseni ikikaa zaidi ya hapo baada ya kuisha, huhuishi tena, unaomba upya kama mgeni, na mtihani unaanza mwanzo.

Zuio likiondoka

Rudi kwenye ule ukurasa wa OmniBase kila baada ya siku mbili. Siku utakayokuta hauonyeshi zuio tena, piga picha ya skrini ikionyesha tarehe, kisha tazama wa DPS, maana huweza kuchelewa nyuma yake. Vyote viwili vikiwa safi, jaribu kuhuisha mtandaoni kabla ya kuweka miadi. Ada ya kawaida ni dola 33, na mtandao ukikubali utapewa karatasi ya muda ya kuchapisha. Ibebe pamoja na leseni ya zamani. Risiti za mahakama ziweke nyumbani, na nakala kwenye kidroo cha gari, upande wa abiria, chini ya karatasi ya bima, kwa sababu hiyo ndiyo karatasi ya kwanza polisi atakayokuomba na mikono yako itakuwa inatetemeka.